Mishumaa Sita

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika duka la keki pale Mapinga, muuzaji akamuuliza mama mmoja aiwekee keki ya bintiye mishumaa mingapi.

"Sita."

"Mama, si nilitimiza sita mwaka jana?" mtoto akadakia.

Mama akamziba mdomo, akatupa jicho barabarani. "Baba yake ameapa, akitimiza saba tu anakuja kumchukua. Ati ndiyo sheria."

Nikashindwa kunyamaza. "Dada, sheria haisemi hivyo. Anayeamua ni hakimu, kwa kutazama mtoto atatunzwa vyema wapi."

"Hakimu yuko mbali, kaka. Baba yake ana pikipiki."

Sisi wanaume, sheria ya matunzo hutupita, lakini hiyo saba tumeihifadhi kama Alhamdu.

Wakati wanatoka, mtoto akaninong'oneza: "Mjomba, na mwakani nitatimiza tena sita?"