Kiberiti Kipya

Treni ya kutoka Tabora ilitushusha Mpanda asubuhi, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Nilikuwa na begi moja, blanketi, na maelekezo ambayo hata dereva wa bodaboda angeyakataa: "Ukifika Mpui, ulizia kambi ya wanaoimba." Dada yangu aliyasema hayo kwenye simu, akakata. Tangu siku hiyo namba yake haikupatikana tena.

Mama yetu alikuwa ameshafariki. Sisi tulibaki wawili tu. Mume wa dada, shemeji yangu, alikuwa amehama Shinyanga na ng'ombe wake kutafuta malisho, kama walivyofanya wengi, na habari zilizonifikia ni kwamba ng'ombe sasa walikuwa mali ya Mungu. Nilikuwa kijana bado, nimemaliza kidato cha nne, nimefanya kazi Kahama, nimefanya Mwanza, nimefanya Tabora, na kote niliondoka kabla watu hawajanizoea. Nikasema niende nikamwone.

Basi la kutoka Mpanda lilipita hifadhi ya Katavi madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbung'o. Tulitoka jasho na kupigana makofi migongoni kuwaua walioingia. Halafu barabara ikaanza kupanda, na kupanda tena, na mtu mmoja alipofungua dirisha, hewa iliyoingia ilikuwa ya baridi mno hata mtoto wa jirani yangu akaanza kulia. Nje hapakuwa na miti ya maana. Nyasi tu, na mashamba yenye matuta ya mviringo ambamo Wafipa hufukia majani yaoze, na anga kubwa kuliko lile la kwetu. Nilifunga kifungo cha shingoni.

Nililala Sumbawanga, kesho yake nikafika Mpui. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai karibu na stendi aliponisikia nikiulizia kambi, aliacha kukoroga.

"Kwa wale wa moto mmoja?"

"Kwa dada yangu."

"Basi kunywa kikombe cha pili, mwanangu. Kule hutawasha jiko kwa hiari yako." Akawageukia wateja wake. "Hivi jamani, Msukuma kuacha ng'ombe wake kwa mtu! Huyo mzee anawapa dawa gani? Na sisi tupewe, tuwape waume zetu waache pombe."

Walicheka wote, nami nikacheka. Nilimlipa na kutembea upande wa korongo alikonionyesha, hadi nikasikia kuimba.

Nitasema ukweli kuhusu kambi ile, kwa sababu watu wakiniuliza leo hutaka nianze na ubaya. Ilikuwa nzuri. Nyumba za tofali za kuchoma zimepangwa mistari, nyasi zimefyekwa, watu wanasalimiana kwa jina la ndugu. Dada alinikumbatia akalia. Alikuwa amenenepa. Tulikula ugali wa ulezi na maharage, na jioni watu waliimba sauti nne nne bila kinanda, baridi inashuka, moshi umelala juu ya mapaa. Mimi niliyekuwa sijawahi kukaa popote, nilikaa. Hata sasa nikisikia harufu ya kinyesi cha ng'ombe kinachoungua polepole kwenye jiko, moyo wangu unarudi kule kabla akili haijaukataza.

Kiongozi wetu tulimwita Mwangalizi. Zamani alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa mpole, mtu wa utani, asiyepandisha sauti. Shikamoo haikutumika kambini ila kwake tu. Simu tulizikabidhi. Na viberiti vilikatazwa.

Hilo ndilo lililotufanya tuitwe watu wa moto mmoja. Kila Jumamosi alasiri nyumba zote zilizima majiko yao kwa maji. Tulisimama milangoni, majivu yamelowa, mpaka Mwangalizi alipotoka kwake amebeba makaa kwenye chungu kilichovunjika mdomo. Alipita nyumba kwa nyumba. Alimwuliza mama wa nyumba, "Mna amani?" Mama akijibu "Tuna amani," aliwekewa kaa lake, naye alilitunza wiki nzima lisizimike. Moto wa kiberiti uliitwa moto wa kuiba. Nyumba yenye kosa ilirukwa. Mwangalizi hakufoka, alipita tu mbele ya mlango kama vile pana ukuta mtupu, na jirani atakayewapa kaa naye angerukwa.

Kwa muda mrefu niliona ni jambo dogo. Mtu alirukwa wiki moja, akala viporo vya baridi, akaungama, yakaisha. Nilikuja mvua zilipokuwa zinaanza. Sikuijua bado Ufipa ya Juni na Julai, wakati asubuhi nyasi za bondeni zinakuwa nyeupe na maji ya kwenye ndoo yanauma mikono.

Dada alikuwa na binti wa mwaka na nusu hivi, ameanza kutembea. Kipupwe changu cha kwanza kule kilipoingia, mtoto akaanza kukohoa. Jumamosi ile Mwangalizi alisimama mlangoni na chungu chake, akamsikia akikohoa ndani. Akainamisha kichwa kama fundi anayesikiliza mnyororo.

"Kifua hicho kimevuta moshi usio wetu," alisema. "Humu ndani kuna kiberiti."

"Hakuna, Mwangalizi," dada akajibu.

"Kipo. Mkinikabidhi, mtoto atapona." Akapita.

Hawakuwa na kiberiti. Nilikuwa nalala nyumba ile ile, naijua kila pembe yake. Shemeji alipekua mpaka ndani ya magodoro. Dada alinung'unika, na mtoto akakohoa katika nyumba isiyo na moto, amevikwa kila nguo tuliyokuwa nayo. Jumamosi iliyofuata kikohozi kilikuwa kizito zaidi, na kwa Mwangalizi hilo lilikuwa ushahidi zaidi. Akatupita tena. Kadiri alivyougua, ndivyo tulivyozidi kuwa na kiberiti.

"Tumpeleke zahanati," nilimwambia shemeji.

"Ukitoka bila ruhusa umetoka, shemeji. Na ng'ombe wangu wote wako humu."

"Nazungumzia mtoto, wewe unazungumzia ng'ombe?"

"Nazungumzia tutakachokula huko nje!" Halafu akashusha sauti, akanitazama kwa aibu. "Mtoto nampenda kuliko wewe unavyojua."

Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa Mpui, nikiwa na punda, kununua chumvi ya kambi. Asubuhi ya safari dada alinifuata zizini, mtoto mgongoni, anapumua kwa mluzi.

"Mwana wa mama," aliniambia, "niletee kiberiti."

Nilifurahi. Nilidhani amechoka, anataka kuwasha moto. "Utawashia ndani? Moshi wataona."

"Sitawasha. Nataka niwe nacho, nimkabidhi. Anataka kiberiti, si ndiyo? Nimpe, yaishe, mtoto apate moto."

Nilikwenda Mpui nikanunua chumvi na kiberiti. Mama wa chai aliniona nikikificha kwenye soksi. "Eh, mshikaji," alisema kwa lafudhi ya vijana wa mjini, "siku hizi unavuta bangi?" Mara hii sikuweza kucheka.

Jumamosi dada alisimama mlangoni ameshika kiberiti kwa mikono miwili, kama anayepokea sakramenti. Majirani walikuwa milangoni mwao. Mwangalizi aliweka chungu chini, akakichukua, akakitikisa karibu na sikio. Akakifungua. Alitoa njiti moja, akaitazama, akairudisha. Alipitisha kidole kwenye ubavu wa kuwashia.

"Kipya hiki," alisema taratibu, bila hasira. "Hakijawashwa hata mara moja. Hiki hakijamuumiza mtoto. Kile cha zamani kiko wapi?"

Dada aligeuka, akatazama ndani.

"Nimefurahi umeanza kusema kweli," Mwangalizi aliongeza. "Endelea kutafuta." Akatia kiberiti mfukoni, akabeba makaa yake, akapita.

Usiku ule sikufikiri sana. Kulipopambazuka nilikunja blanketi langu, nikamwambia dada tunaondoka, yeye na mimi na mtoto. Alimfungua binti mgongoni, akanigeuza kama nguo kwenye kamba, akamfunga mgongoni mwangu kwa kanga yake ileile, mafundo mawili, akalijaribu fundo kwa kulivuta.

"Mpeleke wewe."

"Na wewe?"

"Nenda, mdogo wangu. Akilia mwimbie."

Mtoto alipona, nasema mapema ili asiwepo wa kuhangaika. Zahanati ya Mpui walimchoma sindano, mama wa chai akatuweka jikoni kwake, na leo ni msichana wa sekondari Sumbawanga, ananigombeza nikisahau kuzima jiko la mkaa. Lakini siku ile sikuyajua hayo.

Kambi yetu haikuwa na geti wala mlinzi. Mtu akiondoka, wote walimpa mgongo, ndiyo ilikuwa desturi. Nilipotoka nje jua ndiyo kwanza linachomoza, na mstari kwa mstari watu waliokuwa wakifagia walisimama, wakageukia kuta zao. Wanawake, wazee, watoto. Sikuona hata uso mmoja. Nilimwona shemeji kwenye pembe ya nyumba yetu, naye amegeuka, paji la uso karibu liguse tofali. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma, umeshika koti lake. Nilipomfikia nililichukua nikamfunika mtoto. Vidole vyake vilibaki wazi hewani.

Ndipo nikasikia jembe.

Sauti ilitoka nyumba ya dada, ndani. Nilirudi hatua chache nikachungulia mlangoni. Alikuwa amesogeza kitanda pembeni, amepiga magoti, anachimba sakafu. Udongo umerundikana mpaka kwenye jiko lililolowa.

"Dada, hakuna kitu humo. Mimi ndiye niliyekinunua. Unajua."

Hakuacha. Alipangusa jasho kwa kiwiko, jasho katika baridi ile, na sauti yake ilikuwa ya matumaini kabisa.

"Kile ulinunua wewe," alisema. "Lakini labda kipo kingine, mwana wa mama. Labda kipo kweli."

Nilikaza fundo la kanga kifuani, nikaenda.