Mlio Kabla ya Bisibisi

Fundi huyu wa kompyuta hafungui sanduku la kompyuta kabla mwenye nayo hajauiga mlio wake kwa mdomo. Huiweka bisibisi mezani, hufumba macho, na vidole vyake virefu hutulia magotini. Mama mchora ramani za nyumba, ambaye mteja wake alikuwa akiisubiri michoro adhuhuri ile, alifika akiamini kwamba kadi ya picha, ile inayoleta michoro kwenye skrini, imeungua. Akanong'ona, "Zzz."

"Huyo ni mbu, mama. Niigizie kompyuta."

Mama akatupa jicho mlangoni, kisha akaitoa sauti yote: "Trrr-tk-tk-trrr."

"Ukiipa kazi nzito, huzidi kasi?"

"Huzidi."

"Basi kadi ni nzima. Kuna kitu kinaigusa feni yake."

Akafungua ubavu wa sanduku, akamwonyesha waya mwembamba ulioegemea mapanga ya feni, akaufunga pembeni kwa upole wa mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu. Kompyuta ikawaka, na michoro ikajitokeza kwenye skrini. Mama akainamisha sikio.

"Mbona siisikii?"

"Ndiyo kazi uliyonipa."

Mama akavuta kiti. "Basi niache nimalizie kuchora hapahapa, fundi. Jiko la mteja bado halina mlango."