Kibao cha shingoni na kishikwambi cha Neema

Leo mtoto wa darasa la pili kanifanya nishike shingo mbele ya darasa zima.

Nafundisha shule ya Kiingereza hapa Makambako. Lugha nyingine zinaishia mlangoni. Vishikwambi vimefika wiki hii, basi nikamwambia kila mtoto arekodi salamu kwa mtu anayempenda nyumbani, tusikilize wote.

"Good morning, Mummy." "Good morning, Daddy." Safi.

Zamu ya Neema.

"Kamwene, bibi!" Na Kibena kikaendelea, kirefu, kwa raha zake.

Darasa zima linanitazama mimi.

Mkono ukaenda shingoni wenyewe. Kule Mahongole nilikosoma, enzi zetu, ukiponyokwa na Kibena shuleni unavishwa kibao chenye kamba, unashinda nacho mpaka umnase mwenzako akikiongea, umvishe yeye. Nilikuwa mteja wa kudumu. (Wenzangu wa kibao mpo? Nyoosheni mikono!)

"Neema, mbona hivyo?"

"Bibi hajui Kiingereza, Madam. Hatanielewa."

Nikachukua kishikwambi nirekodi na mimi, kwa mama yangu. Miaka yote hii namsalimia kwa Kiswahili.

"Kamwene, mama..."

Nikakwama. Maneno hayaji.

Neema akanisogelea, akaninong'oneza yaliyobaki. Nikayarudia moja moja, darasa likisikiliza.

Mchana nikamtumia mama. Kapiga simu hapo hapo.

"Nani kakufundisha?"

"Mwanafunzi wangu, mama."