Daktari alitaka kutuambia kesho ya mtoto wetu njiti, mimi nikakataa kusikia

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia. Kiswahili chetu cha huku mtakivumilia.

Kuna mama ameuliza humu kama mtoto njiti atakuja kuwa sawa na wenzake. Haya yalinipata mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Tulikuwa tumeenda Iga Barrière kuzika baba mdogo wa mume wangu, maana barabara ilikuwa imetulia kidogo. (Kutulia kwa huku ni kusafiri asubuhi na kuhakikisha umerudi kabla ya jioni.)

Uchungu ukanishika tukiwa njiani kurudi.

Furaha alizaliwa siku hiyo hiyo, kichwa chake kinaenea kiganjani. Tulipofika hospitali akawekwa kwenye kuvezi, ile sanduku ya joto ya watoto njiti, kisha nikambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka akapata kilo za kurudi nyumbani Rwambuzi.

Nikajua tumemaliza.

Miezi michache baadaye tukampeleka kupimwa. Daktari, mama mmoja mpole, akamlaza chali kwenye mkeka. Hakumgusa. Akakaa tu anatazama anavyorusha mikono na miguu.

Muda mrefu, wakuu.

Kisha akasema, "Namna mutoto anajichezesha inaweza kutuonyesha kidogo vile atakuwa mbele. Munataka niwaambie?"

Mume wangu akajibu, "Tuambie, Docteur."

Mimi nikasema hapana. Nikamfunga Furaha mgongoni, nikatoka nje.

Mume wangu alibaki ndani. Alipotoka sikumuuliza aliambiwa nini.

Kuanzia hapo, kila akirudi kutoka gereji anakofanya kazi alinawa mikono, akamchukua mtoto na kumnyoosha mguu, taratibu, huku anamwimbia. Mwanzoni nilifurahi. Baba gani huyu!

Siku moja nikagundua ni mguu wa kushoto tu.

"Mbona moja tu?"

Akaendelea kunyoosha. "Ulisema hautaki kujua."

Nikakaa chini. Nikamwambia, "Sema."

"Muguu hii inaweza kukazana. Docteur haiko na hakika. Lakini alisema tusingojee, tuanze sasa."

Nililia, siwafichi. Nilipomaliza nikamwambia, "Nionyeshe. Unafanyaka namna gani?"

Tukawa wawili. Tukampeleka pia kwa kiné, yule wa mazoezi ya viungo, kila tulipoweza. Siku nyingine risasi zilisikika upande wa Djugu, tukafanyia nyumbani.

Daktari hakukosea. Furaha alichelewa kutembea, na mpaka leo anakanyagia vidole mguu wa kushoto. Lakini anatembea! Yuko shule ya msingi, anasoma vizuri, na ana mdomo kuliko watoto wote wa mtaa.

Somo langu: daktari hawezi kuona maisha yote ya mtoto, ila anaweza kuona mahali pa kuanza kusaidia. Mkiulizwa kama mnataka kujua, sikilizeni. Mioyo itauma, lakini mikono itapata kazi.

Juzi nilimuuliza mume wangu alivumilia vipi zile wiki akijua peke yake.

Akasema, "Nilikuwa naona unacheka na mutoto. Nikasema, muache acheke kwanza."

Waliolea njiti, nyinyi mlitaka kuambiwa mapema ao mlingoja? Nipo hapa, nasoma kila jibu.