Chumba Alichomuuguzia Mama wa Rais

Saa moja na robo asubuhi, Mama Funguo anafungua chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini ya Ikulu. Anavuta mapazia, kisha anaanza kupangusa vumbi kwenye mashine mbili za kutoa nakala.

"Hapa palikuwa na kitanda," anasema, akiyagusa makabati ya majalada. "Na pale dirishani, kiti chake."

Ana miaka hamsini na tisa. Thelathini na mmoja ameimalizia humu, akitunza vyumba. Jina wamempa wapishi, kwa funguo zinazolia kiunoni kabla yeye hajatokea. "Mtu huwezi hata kulamba sukari kwa raha," humtania.

Amewaona marais wanne, na kila aliyeingia alipangua alichokuta. Wakati wa yule wa kwanza, chumba hiki kilikuwa cha kupigia pasi. Wa pili alikifanya cha kuchezea wanawe. Wa tatu akamleta mama yake, aliyepooza upande mmoja, na Mama Funguo akakabidhiwa kumuuguza.

"Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza, miaka minne. Mkono wa mtu mwingine hakuutaka. Aliniita mwanangu."

Mwaka wa nne, simu ya jikoni ililia. Alikuwa mdogo wake wa kiume, kutoka nyumbani.

"Dada, mama anakuulizia wewe tu. Fanya hima."

Ilikuwa Alhamisi. Siku hiyohiyo mama wa rais naye alikuwa amezidiwa. Alipoomba ruhusa, msimamizi alimwambia, "Vumilia hadi Jumatatu, mama. Ukiondoka wewe, huyu hali kitu."

Akavumilia. Mama yake alifariki Jumamosi, akazikwa Jumapili. Yeye alifika Jumatatu alasiri.

"Nilikuta udongo bado mbichi. Mdogo wangu hakunilaumu. Bora angenilaumu."

Mama wa rais aliishi miezi miwili zaidi. Baada ya maziko, rais alimwita chumbani humu, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kuwa mwana kwa mama yake.

"Nikasema, asante, mheshimiwa. Nikaenda stoo ya mashuka, nikajifungia, nikalia mpaka macho yakavimba."

Anakunja kitambaa chake. Makarani wameanza kuingia. Wanamwamkia, naye anawapisha wawashe mashine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwuliza chumba hiki kilikuwa cha nani.

Miezi mitatu ijayo anastaafu. Nyumbani, chumba cha mama yake kimejaa magunia na baiskeli mbovu za mdogo wake. Wiki iliyopita alimpigia simu akamtaka avitoe.

"Akaniambia, 'Dada, siku hizi chumba hakikai bure.' Nikamwambia, hakitakaa bure, baba. Nakuja kulala mimi."