Koti Jeusi la Kutafutia Kazi

Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, mwenye nyumba tunamokaa hapa Kampemba, alinipa muda hadi mvua za kwanza: nipate kazi, ama nipande lori kwenda Mitwaba, kwa mjomba wetu, nikauze mahindi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kufika sokoni tu kwangu ni safari.

Basi nikafanya wanachofanya waoga waliomaliza sekondari: nikanunua vitabu. Mjini wanavitandaza chini kando ya barabara, vya Kifaransa, vilivyokwisha kusomwa na watu ambao, nilijiambia, sasa wote wana ofisi. Nikachukua viwili vya kufundisha namna ya kupata kazi unayoipenda.

Yaya akaviangalia. "Unaenda kutafuta kazi mu kitanda?"

"Yaya, kusoma nayo iko kazi."

"Kazi ya kulala."

Cha kwanza kilinitaka nitafute ndoto yangu. Niliitafuta siku nzima, na yaya ni shahidi kwamba nilikoroma. Cha pili kilikuwa kikali, nikakipenda: kila asubuhi, kabla kazi haijaja, vaa kama mtu ambaye tayari anayo. Nikaamua kukitii neno kwa neno. Nikapiga pasi ya mkaa koti jeusi la marehemu baba, polepole, kuanzia kola mpaka mikono. Nikavaa, nikafunga tai, nikatoa kiti uani, nikakaa kimya.

Kwetu, mwanaume wa koti jeusi anayekaa uani asubuhi bila kusema ana maana moja tu. Jirani wa kwanza akaingia na kiti chake, akakaa kando yangu. Wa pili, mzee, akaleta kuni za moto wa kilio. Kisha mama anayeongoza korali ya waimbaji wa parokia akaingia akilia, mikono kichwani.

"Pole, mutoto wangu! Nani alikufa?"

"Hakuna, mama. Niko natafuta kazi."

Yaya, aliyetoka jikoni kuona nani analia, akaegemea mlango kwa kicheko. "Mama, usiache kulia! Iko kilio ya kweli. Huyu anakufa na uvivu."

Ningeweza kuingia ndani na kujifunika blanketi; ndiyo tabia yangu. Lakini sura iliyofuata ya kitabu ilisema: waambie watu wote waziwazi. Na watu wote walikuwa pale, na viti vyao. Nikasimama. Nikasema nina diploma, sitaki Mitwaba, nataka kazi nitakayoifanya kwa moyo.

"Unajua kufanya nini?" akauliza yule mzee, kama anayedai kuni zake.

Nikanyoosha tai. Mama wa korali, machozi bado mashavuni, akashika kola yangu, akaigeuza.

"Hii nani alipasi?"

"Ni mimi, mama."

"Bila kuunguza?"

Mashati meupe ya korali yake yalikuwa yakifika kanisani yamekunjamana, alisema, sawa vile yanatoka mu mufuko ya unga. Akaniletea yote, kwa malipo. Jumamosi nikayapasi uani, moja baada ya lingine, mgongo ukilalamika, na sikukikumbuka kitanda hata mara moja. Wiki iliyofuata korali nyingine ikatuma mtu na mashati yake.

Mvua ilipoanza, mjomba akapiga simu: lori linapita kesho.

"Tonton, siendi. Niko na kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kupasi."

"Mwanaume muzima? Na diploma?"

"Ndiyo, Tonton. Na diploma."

Nikamwomba radhi, maana pasi ilikuwa imepata moto, nikakata simu.