Jua Ndani ya Beseni

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha, huko Kampemba, Katanga, kioo kilinisaliti. Somo lilikuwa mwanga. Nilishika kioo kidogo cha baba cha kunyolea ndevu, nikakinga mwale wa jua uliopenya dirishani na kuurudisha ukutani. Nilitaka watoto waone kwamba mwanga husafiri moja kwa moja, na kwamba ukigonga kitu laini hurudi kwa pembe ileile uliyojia. Walichoona ni duara la mwanga linalotetemeka kwa woga wangu. Darasa zima likacheka.

Sista Mkuu wa shule hakucheka. Alinifundisha sheria ya kazi: kila somo huandikwa kwanza kwenye fiche, yaani karatasi ya matayarisho yenye lengo, vifaa na hatua zote. Asubuhi mkuu huisoma, hukata asichokipenda kwa kalamu nyekundu, kisha hutia sahihi. “Mwalimu mwenye hana fiche asiingie mu classe,” alisema. Nyinyi walimu wa leo mnalalamikia fiche, sisi tuliiogopa.

Kituo changu cha pili kilikuwa upande wa Luano, karibu na uwanja wa ndege. Siku moja Inspekta wa shule alikuwa amekaa nyuma ya darasa, nami nikifundisha vivuli. Nikasikia ndege ikishuka. Niliwatoa watoto mbio, wakaona kivuli chake kikipita juu ya kiwanja, juu ya miguu yao wenyewe. Kivuli ni pale mwanga ulipozuiwa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Nilikuwa na furaha mpaka nikaisikia sauti ya Inspekta.

“Madame, hii ndege iko wapi mu fiche?”

Haikuwamo. Ripoti yake iliniandama, nikahamishwa Katuba. Tangu hapo niliiogopa kalamu nyekundu kuliko radi za Katanga, na nyote mnazijua radi zetu.

Huko Katuba ndipo nilipofanya kosa ninalotaka kuwasimulia. Redio ilitangaza kwamba alasiri ya kesho yake mwezi utapita mbele ya jua. Ulikuwa msimu wa baridi, mbingu bila hata wingu moja. Jua lililozibwa hivyo haliumizi jicho palepale. Linaunguza kwa ndani, kimya, na mtoto hasikii kitu. Kwa hiyo nilikata makatoni arobaini, moja kwa kila mtoto, nikatoboa kila moja tundu la pini. Mtoto huligeuzia jua mgongo, mwanga hupita tunduni, na picha ya jua huanguka chini kwenye karatasi nyeupe. Anaangalia karatasi, basi. Niliyaandika makatoni hayo kwenye fiche kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Mkurugenzi wa shule, mzee mwenye tai hata siku za vumbi, aliyakata kwa mstari mmoja mwekundu.

“Madame, chapitre ya hii wiki iko réflexion, mwanga kurudishwa. Carton yako inaingia wapi humu? Weka maji mu bassin, batoto baone jua mu maji. Bazee betu njo baliangaliaka vile.”

“Monsieur le Directeur, maji inarudisha mwanga mu macho. Inaweza kuchoma batoto.”

“Inspecteur anakuya leo. Unataka akute fiche inasema yake, kazi inafanya yake?”

Nilijua, wajukuu zangu, nilijua vizuri kabisa, lakini nilitii. Makatoni yakabaki juu ya meza yangu, nami nikabeba beseni la maji hadi uani.

Watoto waliinama kwa zamu. Nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo na kuwaondoa upesi. Lakini Inspekta aliniita aone daftari langu la darasa, na nilipogeuka, Numbi alikuwa bado ameinama juu ya maji. Alikuwa na miaka kumi na moja, hodari wa kuchunguza kuliko wote, na ni mimi niliyemsifia hivyo kila siku.

Asubuhi iliyofuata aliinua mkono, akaelekeza kidole ubaoni.

“Madame, ku tableau kuko shimo.”

“Fasi gani, juu ao chini?”

“Kila fasi minaangalia.”

Nilikwenda ofisini kusema. Mkurugenzi alinivuta pembeni. “Usiguse ile mambo. Mutoto atapona. Ukisema, siye bote tunapoteza kazi.” Kwa siku tisa nilimsomesha Numbi herufi ubaoni kila asubuhi, jicho moja moja, na kila asubuhi alikosea zilezile.

Siku ya kumi nilikwenda sokoni kwa mama yake, aliyekuwa anauza makaa. Nilimwambia jua limemuumiza mtoto, ampeleke hospitali. Aliinamisha uso.

“Madame, alinielezaka siku ileile. Mi njo nilimukatalia kusema tena. Niliogopa utasema mutoto haoni, bamufukuze ku masomo.”

Daktari alisema hakuna dawa, ni kungoja. Jicho la kushoto lilipona. La kulia lilibaki na doa katikati, na lipo mpaka leo.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, nikastaafu kwa hotuba na keki. Walinisifu kwamba fiche zangu hazikuwahi kupungukiwa na kitu. Nilitamani ardhi inimeze. Nyinyi mnaoanza, mkuu wenu akikata kitu kinacholinda macho ya mtoto, kataeni, hata sauti ikitetemeka. Mimi sikukataa, na bado naogopa.

Numbi sasa ni mshonaji, na nguo zangu zote ni kazi yake. Huutia uzi sindanoni huku amegeuza uso upande, nami humtazama na kuzungumzia bei ya unga. Kwake mimi ni madame aliyekwenda mwenyewe kwa mama yake kumwokoa. Habari ya makatoni hakuna aliyemwambia.

Wiki iliyopita nilimpelekea kurasa hizi, asome yeye kwanza kabla ya mtu mwingine. Jana jirani yake alinirudishia kitambaa nilichokuwa nimempa Numbi anishonee nguo ya Pasaka. Kimekunjwa vizuri. Hakijakatwa.